Ngumi kwa Mtu Niliyemwamkia

Nilianza ngumi kwa sababu daktari wa zahanati alisema mwili wangu hauna kasoro. Nilitoka pale nisijue nimshukuru au nimwombe aangalie tena. Tangu nirudi Kilwa Masoko na shahada yangu, nilikuwa nalala mpaka jua linanifuata kitandani, nakula bila njaa, naandika ujumbe wa kuomba kazi, naurudia kuusoma, kisha naufuta. Huzuni sikuwa nayo. Ilikuwa ganzi, ile ya mguu uliokaliwa vibaya, ila yangu ilishika mwili mzima na kuacha kichwa peke yake kikifanya kazi.

Mazoezi yalikuwa baada ya alasiri, kwenye ghala la samaki lisilotumika tena. Magunia yaliyojazwa matambara yalining'inia kwenye boriti. Kocha alinifunga bandeji mikononi akasema, "Msomi, hapa hatufikirii. Ukifikiria tu, ushapigwa."

Mwanzoni nilipiga gunia na kuruka kamba, basi. Nikagundua kwamba kwa muda ule kichwa kinanyamaza. Sikufurahi. Kilinyamaza tu, na hilo lilitosha kunitoa kitandani.

Kisha kocha akasema sasa nipigane na mtu. Glavu zilikuwa chache. Asiyeweza kupiga mtu alitakiwa ampishe mwingine. Nikishindwa, nilijua narudi kwenye godoro na kichwa changu.

Niliyepangiwa alikuwa muuza pweza wa sokoni, mtu wa umri wa baba yangu, aliyekuja kupunguza kitambi. Aliposogea mbele yangu nilifanya nilichofundishwa tangu utotoni.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Hapo nikawa nimejiharibia. Kocha alipopuliza filimbi, mikono ilikataa. Nilimwamkia, akaniitikia, na kesho atamwona mama sokoni. Atamwambia nini? Nikawa nagusagusa glavu zake kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Yeye akanipiga shavuni. Niliipokea ngumi ile kama habari ya mtu mwingine.

"Mpige," kocha alisema.

"Siwezi. Nimeshamwamkia."

Vijana waliokuwa kwenye magunia wakacheka. Kocha hakucheka. "Basi vua glavu, mwenzio aingie."

Nilianza kuvua. Muuza pweza akanizuia kwa kiwiko.

"Ngoja kwanza. Kwenu kabila gani?"

"Kwa baba ni Wamwera."

"Mmwera?" Akamgeukia kocha. "Na mimi Mngoni wa Songea, mnaniacha naitikia marahaba. Huyu mtani wangu. Babu zangu waliwakimbiza babu zake mpaka bahari ikawazuia. Chukua shikamoo yako, kijana, mtani haamkiwi."

"Mngoni gani anauza pweza?" nilisema, na nikashangaa kuwa nimesema. "Ulifukuzwa kwenu."

"Pweza wangu nampigiza jiweni mpaka analainika, na bado ana mifupa kukuzidi wewe."

Nilikumbuka mazishi ya babu. Watani walishuka ndani ya kaburi wakalala, wakakataa kutoka, wakisema marehemu alikuwa mchoyo na shimo hili kubwa mno kwake. Watu wazima walicheka huku machozi yakiwatoka, na hakuna aliyekasirika. Kama lile liliwezekana mbele ya maiti, hili la ghalani lingeshindikanaje? Nililipima kwanza hivi, kisha vile, mpaka kocha akauliza kama nasubiri barua ya ruhusa.

Nikapiga. Mkono wa kulia, chini ya jicho lake. Mshindo ulirudi mpaka begani, ukaishia hapo. Nilisubiri kitu kingine kije, aibu au furaha au chochote, hakikuja.

Muuza pweza alipepesa macho. "Kumbe una mkono, mkimbizi wewe," akasema, na akanitandika tumboni hadi pumzi ikapotea. Nilipoipata nikampiga tena. Tukaendelea hivyo, tukitukaniana babu zetu, mpaka filimbi.

Kocha hakunisifu. Alikusanya glavu, akaniambia kesho niwahi, nitaanza na huyuhuyu. Nikasema sawa.

Njiani shavu lilikuwa limevimba. Nililibonyeza kwa kidole mara kadhaa. Liliuma kidogo, pale tu, si kwingine.