Shoka la Dropides

Dropides alikuwa mchoma makaa kama sisi wote wa Akarnai, kijiji cha Athene: masizi kwenye kope, sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, na kichwa kigumu kuliko gogo la mwaloni. Kichwa hicho ndicho kilichomweka Lakritos uhamishoni.

Mambo yalikuwa hivi. Lakritos, jirani yake tangu utotoni, aliazima shoka la Dropides. Akiwa anakata mti, shoka likachomoka kwenye mpini, likampiga Simo, mdogo wake Dropides, akafa palepale. Mahakama ya Athene iliona hakukusudia, ikamtoa nchini. Kwetu mtu wa namna hiyo hurudi pale tu ndugu wote wa marehemu wanapomsamehe. Akikataa mmoja, ni kama wamekataa wote. Baba alisamehe. Binamu wakasamehe. Dropides akakataa, mwaka hata mwaka, na mama yake Lakritos akawa anazeeka peke yake, akiokota kuni anazoweza kubeba. Tulimwambia Dropides ile ilikuwa bahati mbaya. Alitujibu kwamba bahati haishiki mpini. Mimi nilimnunia karibu mwaka mzima, na sijutii.

Ndipo tajiri mmoja wa mjini akaja kutafuta sauti za kuimba katika tanzia, mchezo wa majonzi wa jukwaani, kwenye sikukuu ya Dionisio, mungu wa divai. Waimbaji hulishwa vizuri majira yote ya mazoezi, na Dropides hakuwahi kukataa samaki wa kuchoma. Akaenda. Alirudi akinung'unika kwamba amepewa barakoa ya bibi kizee. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, tukamwita bibi hata mbele ya mkewe.

Tanzia yenyewe ilimhusu mfalme aliyefiwa na mwanawe mtoni. Anamsaka mwenye mashua kwenye kila madhabahu anakokimbilia, ilhali ni yeye mwenyewe aliyeamuru mashua ivuke mto ukiwa umefurika. Waimbaji, waliovaa kama vizee, wanalijua hilo, na kazi yao ni kumwimbia: "Unayemtafuta, ulitoka naye nyumbani asubuhi." Hapo ndipo sauti ya Dropides ilipokuwa ikikatika kila siku. Mwalimu alimfokea akidhani amelewa. Nilipomuuliza kulikoni, alisema moshi umemkaa kooni.

Siku ya sikukuu nilikaa na dengu zangu za kukaanga nikisubiri aharibu. Hakuharibu. Ule mstari ulimtoka kwa sauti yake ya bondeni, na watu waliokuwa wakitafuna karibu yangu wakaacha kutafuna. Baadaye hakungoja hata divai. Alinijia alama ya barakoa ikiwa bado kwenye paji la uso, akaniomba nimtumie Lakritos habari huko Megara alikohamia, kisha niwakusanye baba na binamu twende mpakani.

Lakritos tulimkuta upande wa pili wa jiwe la mpaka, nywele zimekuwa nyeupe, hajui ameitiwa nini. Mzee akataka kunyoosha mkono, Dropides akamzuia.

"Ngoja kwanza, baba. Lakritos, kabari ya lile shoka ilikuwa imepotea. Nilikaza mpini kwa kitambaa, nikakupa, nikanyamaza."

Mzee alikaa chini kwenye vumbi. Nami nikatamani ardhi inimeze, maana yule niliyemwita kichwa kigumu alikuwa mtu mwenye hofu tu.

"Najua," Lakritos akasema. "Nilikiokota kile kitambaa palepale. Nikakitia tanurini."

"Na mahakamani ukakaa kimya?"

"Wangekufukuza na wewe. Mama yenu alikuwa ametoka kumzika mmoja, bwana. Nimwondolee na wa pili?"

Dropides alilia mbele yetu sote, bila barakoa. "Basi mimi nimekuja kusamehe nini?" akauliza. "Wewe ndiye wa kunisamehe mimi."

"Nilikusamehe siku nilipokichoma. Ila sheria inakutaka wewe useme."

Dropides akasema amemsamehe. Mzee akainuliwa, naye akasema, na binamu mmoja mmoja. Nilishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia la makaa mgongoni. Dropides akamshika Lakritos mkono, akamvuta upande wetu wa jiwe.

"Twende upesi," akamwambia. "Mama yako anabeba kuni peke yake."