Neno Lililompeleka Bibi Somoe Kwenye Mnyororo

Nyumbani kwangu neno shenzi halitamkwi. Juzi mkwe wangu aliwaita hivyo mafundi waliokuja kupaka chokaa, nikamwondoa mezani na sahani yake haijaisha. Mke wangu akasema, "Basil, umezeeka vibaya." Sawa, nimezeeka vibaya. Lakini nisikilizwe kwanza.

Neno lenyewe ni fupi, na kila aliyepita kwetu alilitumia atakavyo. Haji, mchuuzi wa vitambaa kutoka Lindi, alipolisema alikuwa na maana ya mtu wa bara asiyejua kuswali. Kwa mwalimu wa misheni lilikuwa mtu asiyebatizwa. Askari wa Mjerumani hakujali swala wala ubatizo: kwake lilikuwa jina la yeyote aliyechelewa kuinuka akiitwa. Mpishi wa bwana mkubwa aliita hivyo hata sufuria iliyotoboka. Nilimuuliza mzee mmoja wa Lindi, msomaji wa vitabu, limetoka wapi. Akaniambia lilikuja na Waajemi zamani, ndivyo walivyowaita watu weusi. Mwenzake akabisha, akasema ni Waarabu. Wabishane wao. Ninachojua ni kwamba sisi tuliopewa tusi hilo tuliliokota, tukalipangusa vumbi, tukamtupia jirani.

Bibi yangu Somoe alitupiwa kwa maana zote hizo. Alikuwa Mmakonde wa upande wa Lulindi, ana chale usoni na ndonya, pambo la mpingo, imechomekwa kwenye mdomo wa juu. Tena alikuwa kungwi, mwenye kuwafunda wasichana wakati wa unyago. Mumewe alikufa mapema, akabaki na mtoto mmoja tu, Julia, ambaye ndiye mama yangu. Misheni ya Masasi ilipotafuta wasichana wa kusomesha, Somoe alimpeleka mwenyewe kwa miguu, kwa kuwa alitaka mwanawe ajue kusoma. Huko Julia akabatizwa, akafundishwa kushona, akachumbiwa na mwalimu kijana aitwaye Dunstan. Akafundishwa pia kwamba unyago ni ushenzi, na kwamba msichana wa misheni akiingia humo atafukuzwa na uchumba wake utavunjwa. Hilo lishikeni, maana ndilo lililotuharibia.

Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji wakafika Masasi. Wazungu wa misheni walikuwa wamekwisha kukimbilia pwani. Majengo yakachomwa. Julia akatoka mbio na kanzu yake nyeupe, akapita porini siku mbili mpaka kwa mama yake.

"Mama, wananifuata," alisema. "Wanawatafuta watu wa misheni."

Ulikuwa msimu wa unyago. Wari wanane walikuwa wamewekwa ndani ya kibanda, na katika kibanda kile mwanamume hakanyagi, awe jumbe, awe nani. Somoe akamnyoa Julia nywele zote, akampaka mafuta, akaifukia ile kanzu jivuni, akamkalisha kati ya wari. Mwanakombo, kungwi mwenzake, hakutaka.

"Huyu hatujamcheza unyago, Somoe. Unatuletea mkosi."

"Mkosi nitaubeba mimi."

Wapiganaji walipofika walimkuta Somoe amesimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi," kiongozi wao akasema. "Kuna binti wa misheni humu?"

"Marahaba. Humu mna wari. Mwanamume anayetaka kuingia, aanze."

Hakuna aliyeanza. Somoe akawapa uji, wakanywa, wakaenda zao. Ya ndani ya kibanda siyajui wala sikuuliza, mimi ni mwanamume. Haya ya mlangoni alinihadithia Mwanakombo mwenyewe, na yeye hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Baada ya miezi miwili Wajerumani wakarudi na askari wao, wakichoma maghala ya mtama na kusaka waasi. Mtu akapeleka maneno kwamba Somoe aliwalisha waasi mlangoni kwake. Akafikishwa barazani Masasi. Ofisa wa Kijerumani alikaa kwenye kiti akipiga miayo, na Akida, msimamizi wa nchi aliyewekwa na Wajerumani, ndiye aliyeuliza. Siku zile shenzi lilikuwa limepata maana nyingine tena, maana ya muasi, na Akida akikuita hivyo mbele ya baraza, unavishwa mnyororo shingoni.

"Niliwapa uji waondoke," Somoe akasema. "Nilikuwa namficha mwanangu wa misheni."

Akida akacheka. "Wewe na hilo domo lako una mtoto wa misheni? Yuko wapi?"

Somoe akamwonyesha kwa kidole. Julia, aliyekwisha kurudi misheni, alikuwa amesimama na wenzake wa huko, kanzu imefuliwa, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi. Pembeni yake alikuwa Dunstan, ambaye hakuwahi kumwona mkwewe. Chini ya kitambaa kile nywele zilikuwa bado fupi, na pale hakuna asiyejua kichwa cha msichana hunyolewa wapi msimu ule. Kukiri kwamba mama yake alimficha ilikuwa ni kukiri alifichwa wapi.

Mwanakombo akajitokeza kutoa ushahidi. Askari akamsukuma, akamwambia mshenzi hawezi kumshuhudia mshenzi mwenzake.

"Binti," Akida akauliza, "huyu ni mama yako?"

"Simjui," Julia akasema. "Ni mshenzi tu."

Namchukia yule Akida. Namchukia yule Mzungu na miayo yake. Nawachukia waliomfundisha mtoto aogope kufunuliwa kichwa kuliko shingo ya mama yake kutiwa chuma. Lakini nisidanganye: hasira yangu kubwa ni juu ya mama yangu, aliyenizaa na kuninyonyesha, na ambaye nilimzika kwa mikono hii bila kuimaliza hasira hiyo.

Somoe alibeba mizigo ya Wajerumani kati ya Masasi na Lindi kwa miaka miwili. Alirudi ndonya haipo. Askari aliing'oa kwa kitako cha bunduki, mdomo ukachanika. Shamba lake lilikuwa pori, majirani wake wengi walikufa kwa njaa. Julia alikuwa ameolewa na Dunstan na amenizaa mimi. Somoe hakuwa na pa kwenda ila kwetu.

Mama alimpigia magoti, akalia, akaomba radhi. Bibi akamwinua. Hakumtukana wala hakumlaani. Aliomba jembe tu, akaenda kulima. Ila kesho yake, na kila siku kwa miaka kumi na saba niliyoishi nao, aliwahi kuamka, akasimama uani mpaka mama atoke, akainamisha kichwa mbele ya mtoto aliyemzaa mwenyewe.

"Shikamoo, Mama Basil."

"Mama, usinifanyie hivi," mama alikuwa akilia. Alijaribu kumtangulia kuamkia, bibi hakuitikia. Siku nyingine alijifungia ndani mpaka jua likawa kali. Bibi alisimama palepale akingoja. Na mama, ili mzee yule apate kuondoka juani, alifungua mlango akaitikia.

"Marahaba."