Pikapu Niliyomchagulia Ami

Mwezi uliopita mpwa wangu wa Kismayu alinitumia ujumbe wa sauti. Anataka pikapu. Siku za kazi abebee barafu na samaki kutoka bandarini, na Ijumaa, akishaswali, atoke nje ya mji na wenzake kuwinda kanga na paa. Ataiagiza Dubai, lakini kwanza alitaka mtu azione kwa macho na azikalie kwa makalio, na mimi ninakaa Mombasa, mji wenye yadi za magari nyingi kuliko maduka ya vitabu. "Nichagulie wewe, Mjomba," alisema. "Wewe ndiye msomi wetu. Ndogo au kubwa, utakavyosema ndivyo."

Nikaenda. Kijana wa yadi aliniangalia viatu, akaniangalia miwani, akauliza, "Mzee, kwani wewe unawinda?" Nikamwambia ninawinda makosa kwenye insha za wanafunzi. Hakucheka. Alinionyesha mbili zimeegeshwa ubavu kwa ubavu: nyeupe ndogo ya kabini moja, na ya kijani, ndefu, pana, boneti yake ikinifika kifuani. Niliweka mkono kwenye bati la ile kubwa. Lilikuwa limekula jua tangu asubuhi, likitoa harufu ya mpira wa moto na petroli, na pale pale, mtu mzima mwenye mvi, nikaona haya mpaka nikatazama chini. Nilimwambia kijana nitarudi, nikaenda kukaa kwenye mkahawa wa jirani. Chai ilipoa mbele yangu. Wacha nikueleze wewe, kwa kuwa huna haja ya kunitazama usoni.

Sisi asili yetu ni Chovae, kisiwa kidogo kusini ya Kismayu. Kisiwani kwetu wakati ule hapakuwa na gari hata moja, kwa sababu nyepesi kwamba hapakuwa na pa kulipeleka. Ukitembea kidogo umefika majini. Bibi yangu alipoanza kuugua tulihamia naye Kismayu ili awe karibu na hospitali, kwenye nyumba ya vyumba viwili ndani ya kichochoro cha wavuvi. Kichochoro kile nakijua kwa pua mpaka leo: ng'onda wakianikwa juu ya mapaa, moshi wa mkaa, na jioni udi wa jirani aliyekuwa hakosi kufukiza. Kazi zangu zilikuwa kuteka maji, kupiga pasi sare yangu mwenyewe, na kumkanda Bibi miguu kwa mafuta ya simsim mpaka asinzie.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na shule ilinitesa. Wenzangu wa mjini walikuwa na lao kila siku. "Waryaa, we mtoto wa kisiwani," mmoja alikuwa akinipigia kelele mbele ya wasichana, "nyinyi mkipewa gari mtalitia nanga!" Wote huanguka kwa kicheko. Nami nilicheka nao, jambo ambalo nalo nimeliweka kwenye orodha yangu ya aibu.

Ami yangu, mtoto wa kwanza wa Bibi, alikuwa nahodha tangu ujana wake. Ndiye aliyeamua kwamba nyumba yetu inahitaji pikapu. Ya kubebea samaki, ya kumpeleka Bibi hospitali, na zaidi ya hayo, ya kwenda porini kumtafutia nyama. Maana Bibi alikuwa amekataa chakula. Samaki alimsukuma kando, uji aliuonja kwa ajili ya adabu tu. Siku moja alisema, "Nikipata mchuzi wa paa, nitakula." Ami alilichukua neno lile kama amri kutoka mbinguni.

Kwa mfanyabiashara wa magari tulikuta mbili, nyeupe ndogo na kubwa ya kijani. Kumbe mambo hayabadiliki sana. Ami alizikagua kwa njia pekee aliyoijua, yaani kama anakagua chombo cha bahari. Alizipima kwa dhiraa, kuanzia kiwiko mpaka ncha ya kidole. Alipigapiga bati kwa vifundo vya vidole na kusikiliza, akitafuta mahali palipooza. Alilala chali na kanzu yake safi akatazama chini ya gari, akisema anautafuta mkuku, uti wa chini wa chombo. Boneti aliiita omo, na bodi ya nyuma tezi. Mwenye magari, Msomali wa bara mwenye adabu zake, alikuwa akimjibu "Ndiyo, adeer," yaani ami kwa Kisomali, huku akijiuma mdomo. Mimi nilisogea mbali kidogo ili mpita njia asijue kwamba nimekuja naye.

Mwisho Ami aliegemea ile ndogo. "Hii nyepesi," alisema. "Itapita popote." Kisha akakumbuka kwamba ana msomi. Alinipa kijitabu cha gari, kimeandikwa Kiingereza. "Soma, mwanangu. Wenyewe walioitengeneza wanasema nini?"

Kiingereza changu wakati ule kilikuwa siku za wiki na rangi saba. Nilifungua kijitabu katikati, nikapitisha kidole chini ya mistari, nikafikiria wale wa shuleni wakiniona nimesimama nyuma ya ile ya kijani, upepo ukinipiga shati. Nikasoma kwa sauti: "Wanasema hii ndogo haifai mchanga. Wanasema mtu wa kuwinda achukue kubwa."

Ami alikifunga kijitabu kwa heshima, kama mtu aliyefunga msahafu. "Basi," akasema.

Kubwa ikanunuliwa. Siku ya kwanza tu tuligundua kwamba haiingii kichochoroni, tena haikaribii kuingia. Ikawa inalala barabarani, na Bibi siku za hospitali alikuwa akibebwa juu ya kiti mpaka mwisho wa kichochoro, majirani wakitoka milangoni kumwombea shifaa, naye akijifunika uso kwa buibui kwa kuona haya. Mwanamke aliyekuwa hatoki nje bila kujitanda vizuri, sasa anapita juu ya mabega ya wanaume kama kabati.

Na Ami, Mungu amrehemu, alipoegesha kwenye kijiteremko alikuwa akifunga kamba kutoka bampa mpaka kwenye nguzo. Wenzangu wa shule waliiona kamba. Sitakueleza walichosema.

Siku ya kuwinda tulitoka baada ya alfajiri, Ami, mimi, na jirani yetu mwenye bunduki. Kabla hatujaondoka Ami alinituma nimsaidie kupakia mawe ya matumbawe kwenye bodi. Jirani alishangaa. "Mawe ya nini?"

"Farumi," Ami alijibu. Ndiyo mawe yanayowekwa chini ya chombo kitupu kisiyumbe. "Kubwa namna hii, tupu namna hii, itatupindua."

"Ndugu yangu, hili gari! Mchangani watu hupunguza upepo kwenye tairi, hawaongezi mawe."

"Wewe lenga shabaha," Ami alimwambia. "Unahodha niachie mimi."

Nilikuwa nimeona madereva wa mjini wakipunguza upepo kabla ya kuingia mchangani. Nilijua jirani anasema kweli. Niliendelea kupakia mawe, kwa kuwa maneno ya kijitabu yalikuwa yangu.

Lazima ulijue hili ili uelewe yaliyofuata. Wazee wetu hawakuiamini risasi. Mnyama aliyepigwa ilibidi awahiwe akiwa bado ana roho, atajiwe jina la Mungu, achinjwe. Akifa kabla ya kisu ni nyamafu, na Bibi alikuwa na neno moja tu juu ya hilo: "Mchu hali nyamafu." Mchu, yaani mtu: alilitamka kwa lafudhi ya kisiwani, polepole, kama anayekupa chumvi mkononi. Ndiyo maana kwetu gari la kuwindia halipimwi kwa mzigo linaobeba. Linapimwa kwa kuwahi.

Tulivuka vilima vya mchanga, tukaingia kwenye vichaka vya miiba. Jua lilikuwa limeshapanda kidogo tulipomwona paa amesimama, masikio yake yakitetemeka. Jirani alipiga. Paa aliruka, akaenda hatua kadhaa, akaanguka nyuma ya vichaka. Ami akakanyaga mafuta. Ile kubwa ya kijani, na mawe yake, ilikwenda urefu wa nyumba mbili, ikakwama kati ya miti miwili, kisha magurudumu ya nyuma yakaanza kujichimbia kaburi.

"Chukua kisu!" Ami alipiga kelele. "Kimbia, mwanangu, kimbia!"

Nilikimbia. Miiba ilinichana miguu, kandambili moja ilibaki njiani. Nilipofika, paa alikuwa amelala ubavu, na juu ya jicho lake lililo wazi alikuwa anatembea sisimizi. Jicho halikupepesa.

Nyuma yangu injini ilikuwa inalia. Nilijua kwamba nikisema amekufa, jirani atauliza kwa nini tumechelewa, kisha atauliza kwa nini tulinunua dude hili, na Ami atasema kijitabu ndicho kilichotuambia. Nikasoma Bismillahi kwa sauti kubwa ili wasikie. Nikakata. Damu iliyotoka ilikuwa kidogo, nzito, haikuruka.

"Umemuwahi?" Ami aliita kutoka mbali.

"Nimemuwahi!"

Tulitumia asubuhi nzima kuitoa pikapu, na tulipoitoa ilikuwa baada ya kutupa mawe yote na kupunguza upepo. Ami aliimba njia nzima ya kurudi.

Bibi alikaa mwenyewe siku ile, bila kuegemezwa. Mchuzi ulikuwa wa ndimu na bizari, wali wa nazi umefunikwa kwa kawa. Kabla ya kutia mkono sahanini aliniita karibu. "Ulimuwahi, mwanangu? Alikuwa na roho?"

"Alikuwa nayo, Bibi."

Hakuniuliza mara ya pili. Alikula. Alifyonza mifupa kama mtu aliyerudi kutoka mbali, na alipofika katikati aliviringa tonge kubwa, akaniwekea mdomoni kwa mkono wake, kwa sababu mimi ndiye niliyekimbia. Nami nikatafuna. Nikuambie ukweli wote: ilikuwa tamu. Sijawahi kula nyama tamu kama ile, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi ya mengine. Bibi alifariki mwaka huo huo.

Nilipofika chuo kikuu, ambako nilipelekwa kusoma mambo mengine kabisa, nilipoteza saa nyingi maktabani nikitafuta mwanachuoni wa kuniokoa. Nikampata. Wapo wanaosema kwamba mpigaji akitaja jina la Mungu wakati wa kufyatua, inatosha. Nilimtafuta yule jirani, naye alikuwa ameshahamia Mombasa kama sisi baada ya vita, akaniapia kwamba hajafyatua risasi maishani bila Bismillahi. Nilifurahi kwa kama dakika tano. Fatwa ya nyama nilikuwa nimeipata. Ya uongo sikuipata. Bibi hana kosa hata chembe, najua. Kosa lote ni langu, hakuna hata wa kugawana naye.

Pikapu yenyewe haikukaa. Vita vilipoingia mjini, wenye silaha walikusanya kila gari kubwa waliloliona, na letu, kwa kuwa lilikuwa haliingii kichochoroni, kila mtu aliliona. Ile nyeupe ndogo ilikuwa imenunuliwa na muuza mkaa wa mtaa wa pili. Aliificha uani nyuma ya magunia, na ikawatoa watu wake wote mjini. Sisi tuliondoka kwa bahari, mahali ambapo Ami alijua omo ni ipi. Aliishi Mombasa mpaka alipokufa, na mpaka mwisho alikuwa akiwaambia wageni, mbele yangu, kwamba mimi nilianza kusoma Kiingereza mapema kiasi cha kumsomea kijitabu cha gari. Nami nilikuwa nikiwamiminia wageni kahawa.

Mpwa ananiambia kichochoro chetu hakipo tena, pamejengwa maduka na bajaji zinapita mbili mbili. Ng'onda hawaanikwi juu ya mapaa. Hakuna aliyebaki anayesema "mchu" kwa namna ile ya Bibi, na wote waliokuwa na haki ya kunisamehe wamekwenda bila kujua kuna la kusamehe.

Pale mkahawani nilichukua simu nikamrekodia mpwa wangu kisa chote kama nilivyokueleza wewe. Kilichukua dakika nyingi. Jibu lake lilifika kabla sijalipia chai.

"Pole, Mjomba. Kwa hiyo ndogo?"

"Ndogo," nilimjibu.

Nikainuka. Simu ikalia tena, na safari hii sauti yake ilikuwa chini. "Mjomba, lakini Bibi alikula?"

Nilisimama barabarani, jua likinipiga, nikaacha kutafuta neno jepesi kuliko ukweli.

"Alikula," nikamwambia. "Alikula akashiba, akanishukuru."