Kuku Aliyeponea kwa Wengine

Asubuhi ile banda la kuku la nyumbani kwetu Jilore lilinuka damu, damu iliyochanganyika na mavi na unyevu wa mvua za vuli. Kuku wangu mweupe, niliyepewa na mama mdogo akiwa kifaranga, alikuwa kajikunyata pembeni, ngozi ya mgongo imechanika hadi nyama inaonekana. Aliyemchana alisimama juu ya kinu akiwika. Jogoo huyo mwekundu alikuwa amewekwa kwa ajili ya koma, mizimu ya ukoo. Hawe, nyanya yangu mzaa baba, aliahidi kumchinja siku ya tambiko, na hadi siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kumpiga wala kumfungia. Nilimpiga kwa mwiko.

“Umempiga babu yako!” Hawe akafoka.

“Kwa hiyo babu ndiye aliyemchana kuku wangu?”

Kofi lilifika kabla ya jibu, na jibu halijafika hadi leo. “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu,” alisema, ilhali guu langu lilikuwa zima na aliyeumia ni kiumbe asiyejua hata mkuu ni nani.

Likizo yote niliosha kidonda kwa maji ya chumvi, nikakipaka masizi ya chungu ili kuku wengine wasivutwe na wekundu wakamdonoa, nikamfunika kwa tenga jikoni. Alinidonoa vidole, hakuwa na shukrani, nami sikumdai. Hawe akipita hunicheka: “Haya, muuguzi wa kuku! Na watu je, utawaweza?” Kidonda kilikauka, manyoya yakachipua kama miiba. Hapo ndipo Hawe alipoamuru nimrudishe bandani kesho yake: koma hawafichwi kitu, na kuku wa boma ni wa jogoo wa boma. Tambiko lilikuwa bado miezi. Alfajiri nilimbeba kwapani hadi kwa mama mdogo, kijiji cha pili, nikamwacha huko. Nilirudi nikachapwa.

Sasa nina shahada, na ukoo bado una jogoo wa koma. Wamebadilika majogoo tu. Nikikawia kwenda kwetu, jamaa hunipigia simu: nyumbani ni nyumbani hata kama ni pangoni. Wanaosema hivyo hawajawahi kumtoa mtu kwake ili apate kuishi. Kuku yule alitaga ugenini, akaatamia, akalea vifaranga wake wote, na kwetu hakuna aliyewahi kuuliza yuko wapi.