Nafasi Moja ya Kompyuta

Siku hiyo shuleni tulikuwa hawa: mhadhiri kutoka chuo kikuu, wanafunzi wake wawili, mpiga picha wao, mwalimu mkuu, karani wa kituo cha majani chai, wasichana kumi na wawili wa kidato cha tatu, akiwemo mdogo wangu, wazazi wa wenzake, na mimi. Fomu ya kuomba mafunzo ilitaka mzazi, na wazazi wetu wako chini ya udongo.

Mhadhiri alitazama fomu, akanitazama.

"Wewe ndiye mzazi?"

"Ndiyo, Dokta."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka mama alipokufa."

Akaandika kitu. Sijui kisanduku gani cha fomu kilitosha jibu hilo.

Bango lilichukua muda mrefu kufungwa kuliko somo lenyewe. Lilisema wamekuja kuwafikia waliosahaulika. Mimi sikujua tumesahaulika; lori la majani hutupata hata barabara ikiwa tope tupu. Walikuja kupanua mlango wa kompyuta, Dokta alisema. Kisha akatangaza kwamba nafasi ya mafunzo ya wiki mbili chuoni ni moja. Mlango gani huo, wa mtu mmoja kupita kiubavu? Lakini nafasi hiyo niliitaka kwa mdogo wangu kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Dokta akaanza. "Kompyuta hufuata hatua. Tuchukue mfano wenu, kuchuma chai. Ukiona majani mawili na chipukizi, chuma. Usipoona, acha."

Mdogo wangu akainua mkono. "Na yale magumu yasiyo na chipukizi?"

"Unaacha."

"Ukiacha, Dokta, kichaka kinalala, hakichipui tena. Unavunja, unatupa chini."

"Hiyo ni hali ya nadra."

"Ni kila kichaka, Dokta."

Karani akacheka mpaka akashika meza. "Kompyuta hiyo ikiniletea majani, narudisha gunia lote!"

Mwalimu mkuu akakohoa. Mimi nikamkazia mdogo wangu macho: nyamaza, mama, utatupotezea nafasi. Hakunyamaza. Alichukua chaki akaandika hatua zote ubaoni, mpaka ya kutikisa kikapu majani yasibanane yakaungua. Mwanafunzi mmoja wa chuo, msichana, akazinakili, akamnong'oneza mhadhiri wake. Dokta akajikuna shingo, kisha akatia sahihi fomu yetu; nafasi ikawa ya mdogo wangu. Mpiga picha akamwambia mdogo wangu ashike kompyuta iliyozimwa na atabasamu kama inawaka.

Ndipo nikakumbuka kwamba wiki hizo mbili ni za likizo, wakati mikono yake ndiyo nusu ya shamba letu. Jirani yetu, mama aliyehamia hapa kutoka upande wa ziwa, alinikuta shambani nikihesabu mistari ya chai.

"Wacha mtoto aende," akasema. "Mistari yake nachuma mimi."

Alichuma asubuhi kumi na mbili, nyingine kwa mvua. Mdogo wangu amerudi na cheti na fulana. Nami nimechuma kwa jirani asubuhi nne. Nane bado.