Baba Mdogo Hataki Kadi Yake Ifungwe

Garsen, Jumatano.

Admin, nifichie jina, nami naahidi kueleza yote, hata yanayoniaibisha. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha nne. Wazazi wangu wanalima Hewani, ila mimi naishi hapa Garsen kwa baba mdogo na mkewe ili niwe karibu na shule.

Shuleni tuliambiwa kila mtahiniwa alete cheti cha kuzaliwa. Changu kilipotea kwenye mafuriko, ikabidi tuombe kingine, na ada yake inalipwa mtandaoni. Siku hiyo pesa za simu zilikuwa zimegoma, basi baba mdogo akanipa kadi yake ya benki. "Wewe ndiye umesoma, lipa," akasema. Nikatafuta ukurasa wa serikali kwa simu yake, nikafungua wa kwanza kutokea. Ulikuwa na nembo ya taifa na bendera. Namba ya siri sikuiandika, kwa sababu tumeonywa. Walitaka namba za mbele ya kadi na zile tatu za nyuma, nikaziandika.

Juzi nilipofuata cheti, karani alitazama kompyuta akasema, "Malipo yako hatuyaoni. Hebu nionyeshe ulilipia wapi." Nilipomwonyesha akatikisa kichwa. "Huu si ukurasa wetu, dada."

Jioni ileile baba mdogo akanipa simu kama kawaida, maana ujumbe wa benki huja kwa Kiingereza na mimi ndiye humsomea. Ulisema kadi imenunua kitu kidogo kwenye duka la ng'ambo. Ningeweza kumwambia ni matangazo tu. Nilimsomea ulivyo, nikamweleza na maneno ya karani.

Mama mdogo akaacha kukanda unga. "Duka la ng'ambo? Na wewe viatu vipya umetoa wapi?"

Viatu hivyo nilinunuliwa na mama yangu mwanzo wa muhula, na mama mdogo mwenyewe alikuwepo.

Nilimsihi baba mdogo tupigie benki. Mhudumu alimsikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Mzee, tukufungie kadi sasa?"

"Mnifungie? Pesa yangu ifungwe ndani, mimi nibaki nje?" Akakata simu.

Nilimweleza kwamba kinachofungwa ni kadi, si akaunti, na pesa atazitoa benki kwa kitambulisho chake. Mama mdogo akacheka. "Msikie wakili. Alianza kwa kulipa, sasa anataka kufunga. Anafunga kwa nini kama si kufuta nyayo zake?"

Baba mdogo akaunga mkono. "Kule shambani Bura walifunga mfereji wa maji wakasema ni siku chache tu. Mahindi yangu yalikauka nikiyatazama. Mtu akiniambia anafunga kwa faida yangu, namjua."

Ijumaa malipo ya mavuno yake yanaingia kwenye akaunti hiyohiyo. Ni kazi ya msimu mzima. Matapeli wameshajaribu kadi kwa kitu kidogo, na wameona inafanya kazi.

Nyumbani sisemezwi. Jana mama mdogo aliwaambia watoto wake waondoe vitu vyao nikiingia, tena kwa sauti ili nisikie: "Tunafuga mwizi msomi." Nina hasira, sitawaficha. Kuna wakati nasema moyoni, acha ziende zote, wajue nani alikuwa mkweli. Halafu namkumbuka baba mdogo akitoka Bura kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, akiniuliza kabla hajaketi kama nimekula. Hata sasa, pamoja na maneno yote hayo, hajaacha kunipa simu.

Kwenye simu hiyo kuna sehemu ya benki ya kuifunga kadi. Nimeiona, na fomu zote za baba mdogo mimi ndiye huzijaza, kwa hiyo hakuna kitakachonishinda. Lakini nikifanya hivyo, mama mdogo atakuwa amepata ushahidi alioutaka, kwamba nagusa kadi bila ruhusa. Nitarudishwa Hewani kabla ya mtihani, na sidhani kama kuna atakayenitetea.

Nawaomba mnijibu kabla ya kesho jioni. Niifunge kadi ya mtu aliyenikataza, au nikae kimya hadi Ijumaa, nije nimsomee kwamba mavuno yake yamekwenda?