Kofia Isiyo na Umeme

Maabara moja ya ng'ambo ilikuwa imetangaza kwamba umeme hafifu ukipitishwa kichwani huwarudishia usemi watu waliopata kiharusi. Wataalamu wengine walitilia shaka. Wakakubaliana kulirudia jaribio hilo katika nchi nyingi, kila kituo kikifuata hatua zilezile, waone kama jibu litakuwa lilelile. Kituo chetu cha Babati kilikuwa kimojawapo, na mimi ndiye nesi niliyewavisha wagonjwa kofia yenye nyaya. Nilijivunia mno kazi ile.

Mwalimu mstaafu wa Sigino aliletwa na mkewe. Alikuwa amefundisha kwaya miaka mingi. Sasa, baada ya kiharusi, alibakiwa na neno "hapana" tu, hata alipotaka maji. Nusu ya wagonjwa walipata umeme, nusu nyingine kofia zao hazikuwashwa, nasi hatukuambiwa nani ni nani. Kila mgonjwa, kofia ikiwa kichwani, nilikaa naye nikamwonyesha picha azitaje: kikombe, jembe, mbuzi.

Maneno yakaanza kurudi. Siku alipomwita mkewe kwa jina, mama yule alijifunika uso kwa kitenge.

Hatimaye majibu ya vituo vyote yakajumlishwa. Umeme haukusaidia popote. Waliopewa na wasiopewa walipata nafuu sawasawa. Wakubwa wa mradi walifurahi, na walikuwa na haki, maana bila jaribio lile watu wangeuziwa matumaini hewa. Kituo chetu kilisifiwa kwa kufuata utaratibu. Mashine zikafungwa, chumba kikawa stoo.

Orodha ya siri ya nani alipata umeme ilipofunguliwa, nilikwenda Sigino kumweleza yule mama kwamba kofia ya mumewe haikuwa na umeme. Akaniuliza:

"Kwa hiyo kilichomsaidia ni kule kukaa naye na kumsemesha?"

Nikasema huenda.

"Sasa mbona mnaacha, mwanangu?"

Nikamjibu kwamba mradi uliuliza habari za umeme tu. Niliona aibu kulisema, ingawa lilikuwa kweli. Nilimwomba mkuu wangu nafasi ya kuendelea na wagonjwa wale. Akasema hilo halimo kwenye mpango, akanirudisha wodi ya wazazi.

Mama alijaribu kumsemesha mwenyewe nyumbani, lakini ana shamba na wajukuu. Juzi nilikutana nao sokoni. Nilimwamkia mzee shikamoo. Alifungua mdomo, akahangaika, akaufunga. Mkewe akaitikia marahaba kwa niaba yake, akamshika mkono, wakaenda kuchagua vitunguu.